Kukinga maikrowevu na kufyonza maikrowevu ni vitu viwili

Juzi tena nimesikia mtu anaelezea grafini, eti "inakinga, yaani inafyonza mionzi", kama vile ni neno moja na ndugu yake, na hii nimeshaisikia mara nyingi mno.

Kwa haraka: grafini na ndugu yake nanotyubu, hivi vitu vya nano, ni kaboni ileile ya makaa na masizi, ila imejipanga kwa maumbo madogo mno, nanomita ni milimita moja uigawe mara milioni. Grafini ni tabaka lenye unene wa atomu moja, nanotyubu ni kama tabaka hilo limeviringwa likawa mrija. Zinapitisha umeme, ndo maana maikrowevu (mawimbi ya simu, waifai, rada, oveni ya jikoni) hayazipiti hivihivi.

Sasa hilo neno kukinga. Ukifungua mwamvuli unakinga mvua, maji yanateleza yanaangukia kwingine. Ukitega ndoo chini ya bati unakinga maji, unayadaka yabaki kwako. Neno moja, afu maji yanaishia sehemu mbili tofauti kabisa, nadhani mkanganyiko unaanzia hapohapo. Kufyonza halina utata, mbu anafyonza damu, imeingia ndani hairudi. Wimbi likifyonzwa linageuka joto.

Chuma kinakinga kimwamvuli. Wavu wa kwenye mlango wa oveni unayarudisha mawimbi ndani, hauyali. Na grafini ukiibananisha nyingi inafanya hivyohivyo, inapitisha umeme vizuri mno kiasi kwamba wimbi likigonga tu uso sehemu kubwa inarudi kabla haijaingia. Ukitaka ifyonze inabidi uitie kiasi, uichanganye kwenye plastiki au sponji, wimbi lipate kuingia kwanza ndo likaishie humo ndani. Vyumba vya kupimia antena vimejaa sponji zenye umbo la piramidi zilizolowekwa kaboni kwa sababu hiyo, maana pale ukibandika bati mawimbi yanarudi na vipimo vyote vinaharibika.

Hata wakisema kinga ya desibeli 20 (desibeli ni kipimo cha wimbi limepunguzwa kiasi gani), maana yake asilimia 1 tu ya nguvu ndo imepita. Hiyo 99 imerudi au imeliwa, namba haisemi. Anayeziba saketi ya simu pengine hajali, ila anayeficha ndege isionwe na rada hilo ndo tatizo lake lote.

Kwa hiyo ukisema grafini inakinga hujakosea. Ukitaka kusema inafyonza, angalia kwanza wimbi limeishia wapi.