Ukipandikiza Injini ya Zamani, Anza na Chasisi

Land Rover 109 (namba hiyo ni inchi kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma) zilizochoka kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga bado zina soko. Mtu ananunua bodi na chasisi, kisha anatafuta 2H, ile dizeli ya Toyota Land Cruiser ya miaka ya 1980, lita 4, silinda sita. Inapendwa kwa sababu haina kompyuta: ikipata dizeli safi na hewa, inawaka. Sisi tunaofundisha ufundi magari tunaipenda hamu hiyo na tungependa vijana wengi zaidi wawe nayo. Tunachosisitiza ni kwamba injini iwe ya mwisho kuingia.

Bodi ya Land Rover ni aluminiamu, haishiki kutu, na hapo ndipo wanunuzi wengi hudanganyika. Chasisi ni chuma kilichofungwa pande zote kama boksi, na hewa ya chumvi ya pwani yetu huila kwa ndani. Chukua nyundo ndogo, gonga chasisi kuanzia mbele hadi nyuma, hasa panapofungwa springi. Chuma kizima hulia kwa ukali. Kilicholiwa hutoa mlio mzito uliokufa, na mara nyingine utasikia magamba ya kutu yakimwagika ndani. Usibandike kiraka juu ya kutu. Kata mpaka ufike chuma kizima ndipo uchomelee.

Nguvu ya kuzungusha ya 2H ni zaidi ya mara moja na nusu ya ile ya dizeli ya asili ya lita 2.25. Inapita kwenye klachi, giaboksi, propela (shafti ndefu inayotoka giaboksi) na difu (meno yanayogawa nguvu kwa magurudumu) hadi shafti za ekseli, na shafti za Land Rover za zamani zilikuwa zikikatika hata kwa injini yake yenyewe. Kwa hiyo ukipata Land Cruiser inayochinjwa, chukua vyote: injini, giaboksi, ekseli zote mbili na breki zake. Ukichanganya, hakikisha difu ya mbele na ya nyuma zina uwiano mmoja wa meno. Zikitofautiana, siku utakayovutisha magurudumu yote manne kwenye lami zitapigana mpaka kitu kivunjike.

Kazi inayoharibiwa zaidi ni propela. Krosi, kile kiungo kinachojikunja kila mwisho wa propela, ikikunjwa haizungushi kwa mwendo sawa. Kila mzunguko inaharakisha mara mbili na kupunguza mara mbili. Krosi ya upande wa pili ndiyo inayofuta kasoro hiyo, ila kwa sharti kwamba pembe yake ilingane na ya krosi ya kwanza na uma za propela zikae kwenye mstari mmoja. Basi kabla ya kuchomelea vishikizo vya injini, shusha gari likae kwa uzito wake juu ya springi, weka kipima pembe kwenye flanji ya giaboksi, kisha kwenye flanji ya difu. Nyuso hizo mbili ziwe sambamba. Hata simu yenye programu ya kupimia pembe inatosha kuanzia. Propela ikikatwa kufupishwa, ipelekwe ikapigwe balansi. Ukiruka hatua hii, gari litatetemeka kila likishika mwendo, krosi zitakwisha upesi na sili ya giaboksi itaanza kuvuja, nawe utabaki kuilaumu injini.

Rejeta iwe ya injini hiyo hiyo, kwa joto letu.

Breki zijaribiwe kabla ya mbio. Gari linaloweza kupanda Lushoto likiwa na mzigo litalazimika pia kushuka hadi Mombo, kona baada ya kona, na breki za dramu zikipata moto hupoteza nguvu. Literemshe kwa gia nzito, yaani ya chini, na usikubali pedali inayozama.

Kuna na karatasi. Kadi ya gari ya TRA (Mamlaka ya Mapato) ina namba ya chasisi na namba ya injini. Injini ikibadilika, gari likakaguliwe na polisi wa usalama barabarani, taarifa ipelekwe TRA na kadi irekebishwe. Kwa hiyo siku ya kununua injini dai risiti yenye namba yake, na uilinganishe na iliyogongwa kwenye bloku kabla hujatoa hela.