Je, wajua kwa nini kuongeza makontena kunaweza kuichelewesha huduma?

Huduma nyingi za mtandaoni siku hizi huendeshwa ndani ya makontena, yaani vifurushi vinavyobeba programu pamoja na kila inachohitaji ili ifanye kazi, na mara nyingi msimamizi wake ni Kubernetes, mfumo ambao Google iliutangaza mwaka 2014. Watumiaji wakiongezeka, nakala za kontena huongezwa, wakipungua, hupunguzwa. Ndiyo maana wengi huamini kwamba nakala 10 zitahudumia watu mara 10 ya nakala 1. Imani hiyo ni sahihi pale tu ambapo kila nakala inajitosheleza, kama katika kazi ya kupunguza ukubwa wa picha. Huduma nyingi haziko hivyo, kwa kuwa nakala zake zote husoma na kuandika katika hifadhidata moja ambayo yenyewe haikuongezwa. Ni sawa na kuongeza madirisha ya tiketi kivukoni huku pantoni ikibaki moja: abiria wanakata tiketi upesi, kisha wanarundikana kwenye banda la kusubiria, na idadi ya wanaovuka kwa saa haibadiliki.

Kinachostaajabisha zaidi ni kwamba kidhibiti chenyewe, yaani sehemu ya Kubernetes inayoongeza na kupunguza nakala, huenda kisiuone msongamano huo. Kikiwa kimepangwa kufuata prosesa, kama ilivyozoeleka, hukagua kila baada ya sekunde 15 matumizi ya makontena, na huyalinganisha na kiasi ambacho kila kontena liliombewa, si na uwezo wa mashine nzima. Nakala 4 zikiwa katika asilimia 90 na lengo likiwa asilimia 60, hesabu ni 4 mara 90 gawanya kwa 60, yaani nakala 6. Lakini programu inayosubiri jibu la hifadhidata haitumii prosesa karibu hata kidogo. Kwa hiyo wateja wanaweza kuwa wanangoja huku kipimo kikishuka, na baada ya dakika 5 za tahadhari kidhibiti kikapunguza nakala badala ya kuziongeza.

Kikipewa kipimo kingine, tuseme urefu wa foleni ya maombi, kitaongeza nakala, na hapo ndipo madhara yanapoanza. PostgreSQL, mojawapo ya programu za hifadhidata, isipobadilishwa mipangilio, hukubali miunganisho 100 kwa wakati mmoja, na 3 kati yake huwekewa wasimamizi wakuu. Kila kontena likifungua miunganisho 10, makontena 9 huchukua 90, la kumi huambulia 7, na linalofuata halipati kitu. Hata kabla ya kufika huko, kila muunganisho una mchakato wake unaogombea prosesa ile ile, na maombi yanayobadilisha rekodi moja, kwa mfano idadi ya viti vilivyobaki katika basi, hulazimika kupita moja baada ya jingine.

Programu kama PgBouncer husaidia kwa kuwafanya wateja wengi watumie kwa zamu miunganisho michache. Bila hiyo, kikomo cha nakala hakina budi kuhesabiwa kutoka upande wa hifadhidata, na katika mfano wetu jibu si 9. Wakati wa kuweka toleo jipya, Kubernetes kwa kawaida huruhusu nyongeza ya muda ya asilimia 25, ikikadiriwa kwenda juu, hivyo nakala 9 zinaweza kufika 12 na kutaka miunganisho 120. Nakala 8 hufika 10 na kutaka miunganisho 100, nazo pia huvuka ile 97 inayobaki baada ya kutoa 3 ya wasimamizi. Kikomo kinachofaa ni 7, tena iwapo nakala zinazofungwa zitaachia miunganisho yake bila kuchelewa.