Eti bila shahidi aliyeona, hakuna kesi?

Hapa Kampala kila mauaji yakitokea utaskia stejini watu wa boda wanasema "huyo ataachiwa tu, nani alimuona akiua?" Hapana jamani, si hivyo. Sheria ya Uganda haidai lazima mtu awe ameshuhudia kwa macho, ushahidi wa mazingira, yaani dalili zinazoelekeza kwake, peke yake unaweza kumfunga mtu, na tangu zamani majaji wanatumia kesi ya Simon Musoke ya 1958 iliyotoka hukuhuku Uganda.

Kipimo chenyewe lakini ni kikali. Chukua mfano, jamaa kaonekana saa mbili usiku akiingia kwa marehemu, asubuhi simu ya marehemu inakutwa chini ya godoro la jamaa huyo, shati lake lina damu. Jaji anajiuliza, kuna maelezo mengine yoyote ya maana yanayoweza kumtoa huyu? Kama simu aliinunua kwa mtu na damu ni ya mbuzi aliyechinja na hiyo stori inaingia akilini, basi anaachiwa. Yakibaki maelezo moja tu, ndo amekwisha.

Halafu ile ya "jury", kundi la raia wanaoamua kama mtu ana hatia, tumeitoa kwenye filamu za Marekani, kwetu haipo. Hai Koti jaji anakaa na wazee wa baraza, yaani raia wa kumshauri, wawili au zaidi, wanatoa maoni yao mwishoni lakini hayamfungi, akiwapinga anaandika sababu zake kwenye hukumu.