Mwalimu mkuu akiachia ngazi, si lazima amekula hela

Mwalimu mkuu wa shule ya msingi akiomba kurudi kufundisha tu, mtaa huwa umeshahukumu: kala ruzuku, yaani fedha ambazo serikali huipa shule. Wapo waliokula, hatukatai. Ila fungu lenyewe ni dogo. Elimu bila ada ilipoanza Tanzania mwaka 2016, ruzuku ilipangwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, 4,000 kati ya hizo zikibaki serikalini kwa ajili ya vitabu. Kwa shule ya watoto 600, zile 6,000 zinazobaki zilikuwa laki tatu kwa mwezi: chaki, mitihani, ukarabati, vyote humo.

Kinachowachosha wengi ni kubanwa pande mbili. Choo kimejaa, mlinzi anadai, mzazi akiombwa mchango anajibu elimu ni bure. Matokeo ya darasa la saba yakiwa mabaya, anayeitwa halmashauri kujieleza ni mwalimu mkuu. Kwa yote hayo posho ya madaraka iliwekwa shilingi 200,000 kwa mwezi. Daraja la mshahara ni la ualimu, si la ukuu; anayeng'atuka hupoteza posho hiyo tu. Wengine wala hawana kisa: wametimiza miaka 60 ya kustaafu.