Tasnifu si ya msimamizi na mwanafunzi peke yao

Wanafunzi wanaonitia wasiwasi zaidi katika kazi yangu ya uratibu wa masomo ya uzamili na uzamivu hapa Unguja si wale wanaopata alama ndogo darasani. Ni wale waliofaulu vizuri, wakatetea pendekezo la utafiti mbele ya jopo, likapita, halafu wakapotea.

Kwenye masomo ya darasani ratiba inamsukuma mtu: kuna kipindi, kuna jaribio, kuna wenzake. Pendekezo likishapita, vyote hivyo vinakatika siku moja. Kwetu wanafunzi wengi ni watu wa kazi: mwalimu wa skuli, muuguzi, ofisa wa wizara. Ruhusa ya masomo inakwisha, anarudi kazini. Mwengine anarudi Pemba, yuko Micheweni, na msimamizi wake yuko Tunguu, huku Unguja. Mwezi wa kwanza hakuandika kitu kwa sababu ya kazi. Mwezi wa pili anaona haya kupiga simu kwa sababu mwezi wa kwanza hakuandika. Msimamizi naye ana madarasa makubwa ya shahada ya kwanza, na kimya kile anakichukulia kuwa kijana anaendelea. Mficha maradhi kifo humuumbua, na hapa wanaoficha ni wawili.

Ndiyo maana nasema usimamizi ni wajibu wa chuo. Mfumo wa zamani, ule uliokua katika vyuo vya Ujerumani baada ya Chuo Kikuu cha Berlin kuanzishwa mwaka 1810, ulimweka mwanafunzi chini ya profesa mmoja, naye ndiye kila kitu. Siku hizi vyuo vingi, vya Uingereza kwa mfano, vinampa mwanafunzi msimamizi mkuu na angalau mmoja wa kumsaidia, na kuna kamati inayofuatilia maendeleo yake. Kwetu vilevile chuo ndicho kinachomteua msimamizi, na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, iliyoundwa mwaka 2005, inavisimamia vyuo vya Visiwani kama inavyovisimamia vya Bara. Kwa hiyo msimamizi akisafiri, akiugua au akihama, mwanafunzi hajawa yatima. Chuo kinadaiwa mwengine.

Msimamizi wa pili asiwe jina la kujaza fomu. Visiwa vyetu ni vidogo na wataalamu wa fani moja hawajai mkono, lakini wapo nje ya kuta za chuo. Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iko hapahapa Unguja. Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri iko Wawi, Chake Chake, na mwanafunzi wa Pemba anayetafiti kichocho ana faida kubwa akiwa na mtu wa pale kwenye timu yake.

Faida ya msimamizi anayeijua kazi huonekana kwenye mambo madogo. Chukua mwanafunzi anayetaka kuwahoji kina mama wakulima wa mwani wa Paje na Jambiani. Ratiba yake ni safi kabisa: Jumatatu hadi Ijumaa, saa tatu asubuhi, wiki mbili mfululizo. Msimamizi asiyejua pwani ataitia saini. Anayejua atauliza: "Umeangalia bamvua, mwanangu?" Maana bamvua likiingia, maji yanakupwa sana, na kina mama wote wako ndani ya mashamba yao hadi maji yarudi. Hapo hakuna wa kukaa na dodoso. Mahojiano yapangwe wakati wa maji mafu, siku ambazo maji hayakupwi sana, na siku za bamvua mtafiti avae viatu vya majini aende akaone kazi yenyewe. Huko Pemba mambo ni hayohayo msimu wa karafuu unaposhika. Swali moja kama hilo linaokoa nauli na wiki nzima ya kazi, na kubwa zaidi, linamfundisha mwanafunzi kuwaheshimu watu anaowatafiti.

Na vibali pia. Pendekezo kupita chuoni si ruhusa ya kwenda uwandani. Kuna kibali cha utafiti cha Serikali, na kama unagusa afya za watu kuna kamati ya maadili chini ya Taasisi ya Utafiti wa Afya Zanzibar. Halafu ukifika shehiani, unaanza kwa sheha, kiongozi wa Serikali wa mtaa au kijiji kile. Msimamizi anapaswa kuyataja haya mapema, kwa sababu kibali kinachocheleweshwa kinakula muda uleule unaohesabiwa kwenye usajili na kwenye mkopo.

Sasa ripoti ya maendeleo. Kila chuo kina fomu yake: upande mmoja anajaza mwanafunzi, upande wa pili msimamizi. Nimesoma nyingi zilizoandikwa "anaendelea vizuri" tu, muhula baada ya muhula, na mwanafunzi hajakabidhi hata sura moja. Fomu hiyo haina kazi. Mimi nataka niione tarehe ya kikao cha mwisho, nini kilikabidhiwa, kilirudishwa lini, na kikao kijacho ni lini. Isipokuwa na tarehe hizo, nairudisha kwa idara. Wapo wenzangu wanaoona huku ni kuwachunga wasomi wazima. Mimi naona ni kumlinda mwanafunzi, na kumlinda msimamizi pia siku lawama zitakapokuja.

Maoni ya msimamizi nayo yana uzito wake. "Sura ya pili iboreshwe" haimsaidii mtu. Lakini akiandikiwa: "Umewataja waandishi saba mmoja baada ya mwengine, sema wanakubaliana wapi, wanapingana wapi, na utafiti wako unaingia pengo gani," usiku huohuo anajua pa kuanzia. Na maoni yaandikwe, hata kama kikao kilikuwa cha simu. Namshauri mwanafunzi akitoka kikaoni aandike mistari mitano ya yale waliyokubaliana, amtumie msimamizi kwa baruapepe: "Mwalimu, hivi ndivyo nilivyoelewa." Hakuna utovu wa adabu hapo. Wasimamizi wengi wanashukuru.

Heshima kwa mwalimu ni malezi yetu na sitaki ipotee. Ila isimfanye mwanafunzi akae mwaka mzima na sura isiyosomwa kwa kuogopa kuonekana mkorofi. Utaratibu upo: kwanza zungumza na msimamizi mwenyewe kwa maandishi ya upole, kisha mratibu wa idara, kisha kurugenzi ya masomo ya uzamili. Hata kubadilishiwa msimamizi kunaruhusiwa, na si kumshitaki mtu. Mara nyingi mada imehama tu na inamhitaji mtaalamu mwengine. Anayetaka kuomba hivyo aombe kabla ya kwenda uwandani. Ukishakusanya data zote kwa mbinu za msimamizi wa kwanza, yule wa pili anaweza kuzikataa, na mtahini wa nje hatajua wala hatajali kwamba mlibadilishana katikati.