Mchoro wa programu si umbo la RNA yako

Karibu kila anayeniletea RNA fupi (molekuli iliyo kama uzi wa besi) huja na mchoro wa programu ya kompyuta inayotabiri mkunjo: shina (sehemu mbili za uzi zilizoshikana), kitanzi (sehemu inayogeuka kwenye ncha ya shina), na nishati imeandikwa chini. Kisha huniambia, "Hivi ndivyo inavyojikunja." Hapana! Hiyo ni dhana ya kwenda kupimwa maabara.

Programu nyingi hukokotoa kwa vipimo vilivyochukuliwa kwenye sodiamu kloridi ya 1 M (mola moja kwa lita), nyuzijoto 37, kisha hukuchorea umbo lenye nishati ya chini kabisa. Je, bufa yako (mmumunyo uliomo RNA) iko hivyo? Na umbo la pili likipishana na la kwanza kwa nusu kilokalori, RNA yako inaishi katika yote mawili. Mafundo bandia (besi za kitanzi zikishikana na besi zilizo nje ya shina lake), nyingi ya programu hizi huyaruka kabisa. Tena mchoro ni bapa: tRNA ya chachu (RNA inayobeba asidi amino) ilichorwa kama jani la klova mwaka 1965, lakini fuwele za mwaka 1974 zilionyesha herufi L, vitanzi vyake viwili, D na T, vimeshikana kwenye kona. Mshikano huo huuoni kwenye jani.

Kinachonichosha zaidi ni kusahau kwamba programu imepewa uzi mmoja tu, ilhali mrija wako una matrilioni. Shina lolote linaloweza kujifunga lenyewe linaweza pia kufungana na la jirani. Kwenye mikromola chache unapata kitanzi. Ukifika milimola, mara elfu zaidi, kama kwenye NMR (kipimo cha umbo kwa sumaku), nyuzi mbili zinaweza kuungana. Kwa hiyo chemsha kwa nyuzijoto 95 dakika mbili bila magnesiamu (ukichemsha nayo, RNA inakatika), tumbukiza kwenye barafu papo hapo, ndipo uongeze magnesiamu. Halafu pitisha kwenye jeli isiyo na urea (urea hukunjua RNA), kwa viwango kadhaa vya RNA, uone kama ni uzi mmoja au mbili zilizoungana. Bila jeli hiyo, sijadili umbo na mtu.

Kuna na kauli nyingine tatu ninazoambiwa. "RNA ni uzi mmoja, kwa hiyo imelegea." Uzi mmoja ndio ulio huru kujikunja.

"Magnesiamu ni chumvi tu." Ribozaimu (RNA inayofanya kazi ya kimeng'enya) ya kichwa cha nyundo, ikifupishwa, hudai magnesiamu nyingi; ile nzima, yenye vitanzi vyake vinavyogusana, hufanya kazi kwa kiasi cha ndani ya seli.

"RNA yenye guanini nyingi (besi G) huganda ovyo." Mara nyingi ni kwadrupleksi, yaani guanini nne nne zikiizunguka potasiamu. Weka lithiamu badala ya potasiamu, upime tena: umbo likilegea, ndiyo hiyo.