Harambe ya Florida, hodi ya shangazi yangu, na kwa nini bustani nzuri inaanza na ukuta

Kila nikisema kazi yangu ni kuchora bustani za burudani watu wananiuliza swali lile lile, mchezo gani ni mkali, rolakosta ipi inatapisha. Jamani sijui, mi mwenyewe nikipanda kitu kinachozunguka nashuka na kizunguzungu cha siku mbili. Nimesomea usanifu wa mandhari, na nikiingia kwenye hizi bustani kubwa nachoangalia ni kitu kingine kabisa: naangalia wameficha nini. Michezo unanunua bwana, kuna viwanda kazi yao ndo hiyo, unalipa inakuja kwenye kontena na fundi wa kuifunga juu. Kuficha huwezi kununua, kuficha lazima ukuchore mwenyewe, na pesa inayoingia huko mteja haioni kwa hiyo kila mara ndo anataka kuikata kwanza.

Chukua mlango wa Disneyland ya kule Anaheim, California, ile ya kwanza iliyofunguliwa Julai 1955 kwenye ardhi iliyokuwa mashamba ya michungwa. Ukishakata tiketi unaingia ndani na mbele yako unakuta... kilima. Kilima cha udongo kimepandwa maua na juu yake stesheni ya treni. Huoni mtaa, huoni kasri, huoni chochote ulicholipia. Inabidi ukate kulia au kushoto, upite kwenye kijinjia cha chini ya reli, kifupi tu na kina kagiza kidogo, ndo unatokea upande wa pili na dunia imebadilika. Kile kilima kimezunguka bustani karibu yote na kazi yake ni mbili, aliye ndani asione barabara na nyaya za umeme za nje, na aliye nje asione ndani.

Sasa mtu wa Lamu akisoma hapo anaanza kucheka maana hiyo ni nyumba ya bibi yake. Nyumba ya mawe ya zamani unafika kwenye daka, kile kibaraza cha mlangoni, hapo mgeni anakaa, anazungumza, na hata mlango ukiwa wazi haoni kitu. Ukivuka mlango unaingia tekani, kijiukumbi cha kuingilia, na mbele yako kuna ukuta mtupu, lazima ukunje kona ndo utokee kiwandani, yaani uani, kwenye mwanga, na wenye nyumba wameshasikia hatua zako zamani wamejitanda. Sisi tunaita stara. Walt Disney hakuchukua Lamu, sitaki mtu aje kuniambia nimesema hivyo, nachosema ni kwamba waashi wetu na wale wachoraji wa sinema wa Hollywood walifika mahali pamoja kwa njia mbili tofauti: ukitaka ndani pawe na thamani, usimuonyeshe mtu akiwa barabarani.

Na stara yao imeenda mbali sana. Magic Kingdom, bustani yao ya Florida iliyofunguliwa 1971, ile sakafu unayokanyaga ni ghorofa ya juu, chini yake kuna njia ndefu za wafanyakazi, takataka zinapita huko, nguo zinapita huko, watu wanapita huko. Inasimuliwa kwamba Walt alikereka siku moja kule Disneyland ya California kumuona mfanyakazi aliyevaa kikauboi anakatiza kwenye eneo la mambo ya kesho, akasema hii isitokee tena. Alafu kuna rangi wanaiita Go Away Green, yaani kijani cha "niondokee", wanapaka milango ya stoo, uzio, masanduku ya umeme, na jicho linapita tu kama halijaona. Na ule mlima wa mchezo wa Expedition Everest walioujenga kwenye Animal Kingdom, bustani yao ya wanyama huko huko Florida, ukafunguliwa 2006 una urefu wa futi 199 na nusu. Kwa nini sio 200? Kwa sababu ukifika 200 unaingia kwenye sheria za anga za Marekani na mambo ya kuwekewa taa nyekundu kileleni, na mlima wa Himalaya wenye taa ya ndege juu umeshakufa.

Hii Animal Kingdom ndo nilitaka kuiongelea hasa maana ndani yake kuna mji unaitwa Harambe na huo mji, jamani, ni sisi. Bustani ilifunguliwa Aprili 1998, aliyeongoza uchoraji wake ni Joe Rohde, yule ambaye wakubwa walipokuwa na wasiwasi kama wanyama wa kweli wanasisimua vya kutosha alimuingiza chui milia mzima mzima kwenye chumba cha mkutano, mjadala ukaisha. Yeye na timu yake walizunguka Afrika, na mji walioutumia kama mfano mkubwa wa Harambe ni Lamu. Mji ni wa kubuni, bandari ya Afrika Mashariki isiyokuwepo kwenye ramani. Na ndiyo, wameandika kwa e moja, Harambe, nimeshazoea lakini bado inaniwasha.

Nilienda na shangazi yangu. Mzaliwa wa Mkomani, Lamu, alikuwa amemtembelea binti yake Tampa, nikasema huyu ndo mkaguzi niliyekuwa namtafuta. Kijana wa mlangoni akatupigia "Jambo!" na shangazi akasimama akamjibu vizuri kabisa, "Sijambo mwanangu, na wewe hujambo? Watu wako hawajambo?" Kijana akabaki anatabasamu maana somo lake lilikuwa limeishia hapo. Tukaenda mbele tukakuta duka limeandikwa Kusafiri.

"Hawa wanasafiri kwenda wapi?"

"Hawasafiri shangazi, ni duka la kahawa."

"Duka la kahawa linaitwa Kusafiri?"

"Ndiyo."

"Haya. Na la chai litaitwa Kulala."

Tumecheka mpaka mtu na mtoto wake wakatupisha. Lakini ngoja, nisiwaonee, maana baada ya hapo shangazi alinyamaza na hiyo kwake sio kawaida. Alikuwa anaangalia kuta. Kuta za Harambe zimechorwa uzee: chokaa imebanduka, chini yake linaonekana jiwe la matumbawe, kuna mahali pamezibwa plasta ya rangi nyingine, kuna tangazo limepakwa juu ya tangazo, kuna maandishi ya Uhuru 1961 yamefifia (mwaka wa Tanganyika huo, Kenya ni 63, kwa hiyo mji una sura ya Lamu na kumbukumbu ya Dar, sawa, nchi ni ya kubuni). Yote hiyo ni saruji mpya iliyokandwa na kupakwa rangi na watu wanaojua kazi. Bustani nyingi zinachora mji wa hadithi kama umejengwa jana na umepakwa jana. Rohde alikataa, alitaka kila ukuta useme umepitia nini, nani alijenga, nani akaja akabandika bomba juu yake, nani akashindwa kulipia rangi. Kwa mtu wa kazi yangu hiyo ndo falsafa yenyewe. Mgeni hasomi historia ya Harambe popote, hakuna anayemsomea, ila jicho lake linakusanya nyufa moja moja na mwisho wa siku anaamini kwamba huu mji ulikuwepo kabla yake.

Kwenye paa ndo shangazi akawakamata. Akasema haya sio makuti. Kweli sio makuti, ni nyasi, na walioezeka ni mafundi wa Kizulu walioletwa kutoka KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, na nyasi zao. Kazi safi sana kwa macho ya fundi, mshono wake utaupenda, ila mji wa pwani kuezekwa na Mzulu ni kama pilau kupikwa na Mmasai, itaiva lakini mwenye pilau atajua. Kuna haki fulani pia hapo, makuti yanaoza haraka na bustani ya namna hiyo haitaki kufunga mtaa kila baada ya miaka michache ibadilishe paa, kwa hiyo naelewa uamuzi, siupendi tu.

Kinachonisumbua zaidi ni upana. Lamu njia ni nyembamba, punda na mzigo wake akija unajibana ukutani, na wembamba ule sio ushamba, ndo kiyoyozi chenyewe, kuta ndefu za pande mbili zinakupa kivuli karibu kutwa, na juu kuna wikio, vile vyumba vinavyovuka njia kutoka nyumba hadi nyumba. Harambe haiwezi kufanya hivyo. Inapokea maelfu ya watu kwa siku, magari ya watoto, viti vya magurudumu, gari la wagonjwa lipite. Kwa hiyo mtaa wao ni mpana na jua la Florida linakupiga utosini, umepata uso wa Lamu bila mwili wake. Na hapo huwezi kumlaumu mchoraji, hesabu ya watu imeshamfunga mikono kabla hajashika kalamu, ni kitu wanafunzi wangu huwa hawataki kukisikia, wao wanadhani unaanza na hadithi. Unaanza na watu wangapi wanapita hapa saa tano asubuhi.

Halafu likatokea la hodi. Shangazi aliona mlango wa mbao, akausogelea, na sijui kama alikuwa anatania au mazoea tu, akabisha, "Hodi!" Akasubiri. Mi najua nyuma yake hakuna chumba, ni ukuta na fremu, na sikusema kitu. Akanigeukia akasema, "Mji mzuri, lakini hakuna wa kustirika." Hilo neno nimelibeba mpaka leo. Stara ya Lamu inamlinda mtu aliye ndani, mama anayepika, msichana aliyelala. Hizi bustani zinamficha mfanyakazi na jenereta, hazina wa ndani. Kwa hiyo ukinakili daka bila mtu wa kukaa ndani umenakili kona tu. Sisemi ni dhambi, ni mchezo wa kuigiza na kila mtu amelipa akijua, ila ndo maana mtu wa Lamu anatembea pale akiwa na raha na upweke kwa pamoja.

Tukapanda safari, ile wanaiita Kilimanjaro Safaris, na huku nakubali sina ubishi. Ekari kama 110, karibu ukubwa wa Magic Kingdom nzima, na ule ufichaji wake ni wa kufundishia. Barabara ina mashimo na alama za magurudumu, gari linarukaruka, watu wanapiga kelele, kumbe ni zege. Ilipakwa rangi ya udongo wa pembeni na ikiwa bado mbichi wakapitisha matairi juu yake na kutupia kokoto na vijiti ikauka hivyo. Mibuyu ni ya zege. Vichuguu ni vya bandia. Ile miti unayodhani ni migunga ni mialoni ya huko huko Florida imekatwa juu ikawa bapa. Simba yuko juu ya mwamba na swala wanaonekana kama wako naye pamoja, katikati kuna handaki ambalo pembe ya macho yako kutoka kwenye gari haiwezi kulifikia, hiyo pembe imepimwa na ukisimama kwenye kiti ndo unaharibu hesabu ya mtu. Uzio upo kila mahali na huoni hata mmoja. Zoo ya kawaida inakuonyesha nondo, nondo zinakwambia uko salama, na ukishajua uko salama unaanza kutafuta aiskrimu. Hapa hakuna nondo, kwa hiyo mwili unakaa macho hata kama akili inajua. Shangazi ambaye amewahi kukaa Voi na kuona tembo wa kweli alinishika mkono.

Kuna kosa walilifanya mwanzoni nalo linafundisha. Waliweka hadithi ya majangili, redio inaita, gari linakimbizana nao, mama tembo na mtoto wake hatarini. Baadaye wakaiondoa yote. Nadhani walifanya vizuri, maana hakuna sauti ya redio inayoshindana na twiga halisi akivuka barabara, na kila dakika uliyokuwa unasikiliza redio hukuwa unatazama nje.

Mwaka huo huo narudi nyumbani nikapata kazi, kiwanja kidogo cha watoto huku pwani, sitataja wapi wala cha nani. Mwenye kiwanja alitaka kasri la kuruka la mpira liwe mbele kabisa lionekane kutoka barabarani, na geti la vyuma vya kuona ndani, "watu waone wavutike." Tumebishana wiki tatu. Nikamwambia nipe ukuta mmoja tu, mita nne, nyuma ya geti, watoto waingie wakutane na ukuta wakate kona. Akasema nimalizie pesa zake kwenye ukuta wa kuzuia watu wasione bidhaa? Tukakubaliana tujenge kwanza kwa mabanzi na turubai, kwa majaribio, siku za Idi.

Idi pili asubuhi nilikaa pembeni na kahawa yangu. Watoto wanaingia wameshikwa mikono, wanafika kwenye turubai, wanasikia kelele za wenzao upande wa pili na hawaoni kitu, basi ule mkono wa mzazi wanauchomoa wanakata kona mbio na ukelele wanaoupiga pale konani ulikuwa unasikika hadi stendi ya bodaboda. Kuna mmoja alitoka akaingia tena mara sita, kasri lenyewe hakulipanda.

Ukuta umejengwa sasa, wa mawe, tumeupaka chokaa. Mlinzi alilalamika kwamba akiwa getini haoni ndani kunatokea nini, na alikuwa na haki, sikulifikiria hilo. Tumemtobolea kidirisha usawa wa macho yake. Tatizo ni kwamba watoto wakubwa wameshakigundua.